Shino, Ukungu na Kipekecho cha Mwanzi

Paukwa!

Pakawa!

Nishike nini?

Shika kuni!

Nilete nini?

Lete hadithi!

Basi kuni hizo motoni, na hadithi hii hapa mdomoni. Sogeeni. Mwenye usingizi na alale, hatapitwa na kitu, maana hadithi ya leo inajua njia ya kuingilia ndotoni.

Hapo zamani za kale, zamani zile milima ilipokuwa ikisalimiana kila asubuhi, huko Japani, nchi ambayo jua huamka na kunawa uso kabla halijaja kwetu, palikuwa na kijiji kiitwacho Kirioka. Kijiji chenyewe kilikaa kwenye goti la mlima. Juu yake mianzi, chini yake mianzi, na upepo ukivuma kijiji kizima kilisikika kama watu wanaonong'onezana siri.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Shino. Shino hakuzaliwa pale, aliolewa pale. Kwao kulikuwa nchi ya tambarare, mashamba ya mpunga matupu, ambako unamwona mgeni wako asubuhi na anakufikia jioni. Mumewe aliitwa Tokuji, mkata mianzi, mwanamume wa mikono mipana na maneno machache. Na nyumbani mle alikuwamo mavyaa wake, Bibi Tatsu, mama mzaa Tokuji. Maneno yote ambayo mwanawe hakuyatumia, aliyatumia yeye.

Sasa, mlima ule ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe aliitwa Ukungu.

Kila mwaka majani yalipogeuka mekundu, Ukungu alishuka. Alishuka bila miguu, alishuka bila mlio, alishuka bila hodi. Watu wa Kirioka wakimwona tu kule kileleni, hufunga milango, huziba madirisha, wakakaa kimya ndani kama mayai kapuni. Naye huzunguka nyumba moja moja, akiimba kwa sauti nyororo:

*Njoo polepole, njoo taratibu,*
*Tua mzigo wako, tua na jina,*
*Kwangu hakuna kesho, kwangu hakuna jana.*

Wako walioitika wimbo huo. Walifungua mlango kidogo tu, wachungulie. Hawakuonekana tena.

Alasiri moja, Ukungu akiwa amekizunguka kijiji, Tokuji alikuwa ameketi anasuka kapu. Mara akasikia sauti nje. Haikuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya baba yake.

"Tokuji, mwanangu, njoo unishikie ngazi."

Tokuji akasimama. Shino akamkamata mkono wa nguo.

"Usitoke. Baba tulimzika, na wewe ulikuwapo."

"Najua," akasema Tokuji. Macho yake yalikuwa yameanza kulegea. "Lakini ile ngazi yenyewe ni mbovu. Ataanguka."

Akausukuma mlango, akatoka. Ukungu akamfunga kama pamba inavyofunga mbegu, na Shino akabaki ameshika hewa.

Asubuhi yake Shino akamkuta ameketi kizingitini. Nywele zimejaa shanga za maji, uso una tabasamu la mtoto mchanga anayeota.

"Tokuji!"

"Nani huyo?"

"Ni wewe! Wewe ndiye Tokuji!"

"Ahaa," akasema. "Jina zuri. Na hii nyumba ni ya nani, mama? Ina harufu nzuri ya moshi."

Shino akamshika mkono, akamwinua. Akamwingiza ndani, akamkausha, akamlisha wali. Tokuji akala, akashukuru kama mgeni, akalala. Lakini siku zilivyopita Shino akaona jambo baya zaidi. Tokuji alipotembea penye umande hakuacha nyayo. Alipokaa mbele ya mlango wao wa karatasi, fito za mlango zilionekana kupitia kifuani mwake. Alikuwa anageuka ukungu, kidogo kidogo, mtu wa watu.

Hapo ndipo Bibi Tatsu, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekosa la kusema, alipopata la kusema.

"Mkazamwanangu, mtu aliyeingiwa na Ukungu haamshwi kwa kelele wala kwa maji ya baridi. Mama yangu alinifundisha. Anaamshwa kwa chai ya kijani, ile ya unga, iliyopigwa mpaka ikatoa povu laini kama wingu. Uchungu wa chai unamwita kwa nguvu, ulaini wa povu unamwita kwa upole. Akiitwa mara mbili kwa pamoja, anarudi."

"Unga wa chai tunao, Mama?"

"Tunao."

"Bakuli?"

"Lipo."

"Na cha kupigia povu?"

Bibi Tatsu akainama, akaondoka, akarudi na kasha dogo la mbao. Ndani mlikuwa na kipekecho chake cha usichana. Si kipekecho cha kupekechea mlenda, la! Hiki hutengenezwa kwa kipande kimoja cha mwanzi, kimeachwa kizima upande wa kushikia, na upande wa pili kimechanwa kikachanika, nywele nyembamba zimesimama kwa duara kama ua linalotaka kufunguka. Bibi Tatsu akafungua kasha.

Kipekecho kilikuwa kimeota ndevu za kijivu. Kilinuka kama kisima kilichosahauliwa.

"Nilikiosha, nikakifungia kikiwa na maji," akasema Bibi Tatsu, na sauti yake ikapungua. "Nikadhani nakitunza. Kumbe nilimwachia nafasi."

"Nani, Mama?"

"Si huyo huyo? Ukungu wa mlimani na ukungu wa kashani, jina moja, ukoo mmoja. Ulipofungia maji, umemfungia yeye."

Shino akajaribu kukoroga chai kwa vijiti vya kulia. Unga ukafanya madonge, madonge yakazama. Tokuji akanywa, akakunja uso, akasema, "Chungu," kisha akalala tena. Na alipolala, mkeka ulionekana chini yake kama kitu kilicho ndani ya maji.

Shino akajifunga mkanda. "Mama, vipekecho vinatengenezwa wapi?"

"Kwa Bi Nyani, nyuma ya mlima, penye chemchemi ya maji moto. Lakini ana kiburi, na ana ulimi."

"Nami nina miguu," akasema Shino, akatoka.

Mnanisikia?

Tunakusikia!

Akaenda, akaenda, akaenda. Njia ikawa nyeupe, mianzi ikawa mirefu, mpaka hakujua kama anatembea yeye au ni mianzi inayompita. Juu ya jani akamwona Konokono.

"Hujambo, Konokono. Kwa Bi Nyani ni mbali?"

"Mbali mno!" akasema Konokono. "Baba yangu alianza safari ya huko, mimi naiendeleza, na wanangu wataimaliza."

Shino akamshukuru, akakata kona, na hapo hapo akafika.

Maji moto yalikuwa yanatoka ardhini yakipumua. Katikati yake, mvuke umemzunguka kama shuka, ameketi nyani jike mwenye uso mwekundu, amefumba macho, maji yamemfika mabegani. Kandokando, juu ya mawe, vipekecho vilisimama kama uyoga baada ya mvua.

"Hodi, Bibi."

"Hodi ya nini, hakuna mlango," akasema Bi Nyani bila kufumbua macho. "Sema shida."

"Mume wangu ameingiwa na Ukungu. Nataka kipekecho."

Bi Nyani akafumbua jicho moja. "Wote wanataka kipekecho. Hakuna anayejua kuchagua, na akichagua hajui kutunza. Chagua. Ukikosea, sikubadilishii."

Basi Shino akayasogelea mawe. Kwenye jiwe la kwanza palikuwa na kipekecho cha mwanzi mweusi, kizito, cha nywele chache nene. Nacho kikasema:

"Nichukue mimi! Mimi ni mweusi, mimi ni imara, mimi sivunjiki!"

Shino akakishika, akakipima mkononi. "Bibi, hiki ni cha chai gani?"

"Cha chai nzito ya siku za heshima," akajibu Bi Nyani. "Ile inayokorogwa taratibu kama uji. Haina povu, wala haitakiwi kuwa nalo."

"Basi ni kizuri kwa kazi yake, lakini si kazi yangu," akasema Shino, akakirudisha kwa mikono miwili kisije kikaona aibu.

Kwenye jiwe la pili palikuwa na kipekecho kinachong'aa, kimepakwa mafuta, kimefungwa uzi mwekundu wa hariri. Nacho kikasema:

"Nichukue mimi! Mimi ni mzuri, mimi ni mpya, mimi nina uzi wa hariri!"

Shino akakigeuza. Akakinusa, akasikia harufu ya rangi. Akapitisha ukucha shingoni mwake, akahisi ufa mdogo, pale mpini unapokutana na nywele. Akakitikisa sikioni, kikachekea ndani, che-che-che.

"Hiki si kitu kimoja," akasema. "Ni vipande viwili vilivyooana kwa gundi. Nikivitia maji moto vitaachana."

Bi Nyani akafumbua jicho la pili. "Endelea."

Kwenye jiwe la tatu palikuwa na kipekecho cha mwanzi mweupe, mwepesi, cha uzi mweusi wa kawaida. Hakikusema kitu. Shino akakiinamia. Mwanzi ulikuwa mmoja, tangu chini ya mpini, kupita pingili, mpaka ncha ya mwisho. Nywele zake zilikuwa nyingi mno na nyembamba, zimeachana sawasawa, hakuna iliyomlalia mwenzake, na kila ncha imejikunja ndani kama kidole cha mtoto aliyelala. Akaupitisha mkono juu yake, ncha zikamtekenya.

"Bibi, mbona hiki hakijisifu?"

"Kitasema kikifika kwenye bakuli."

"Nakichukua hiki."

Bi Nyani akacheka, maji yakarukaruka. "Afadhali! Sasa malipo. Mgongo wangu unawasha tangu majani yalipoanza kuanguka, na mikono yangu haifiki. Nitafutie chawa."

Shino akavua viatu, akaingia majini, akamtafutia chawa Bi Nyani mpaka vidole vikakunjamana. Na Bi Nyani, kwa raha aliyoisikia, akaanza kusema huku anasinzia:

"Sikia, binti. Kabla ya kazi, kioge maji moto, nywele zake zilainike. Mwanzi mkavu hauna huruma na nafsi yake, unavunjika. Wakati wa kazi, kirukeruke, kisisugue. Mkono wako uwe mwepesi, mbele na nyuma, kama unamfukuza nzi usiyetaka kumuumiza. Baada ya kazi, kilale peupe, penye upepo. Na sabuni usikionyeshe hata kwa mbali. Umesikia?"

"Kabla, kioge. Kazini, kiruke. Baadaye, kilale peupe."

"Nenda."

Shino akaenda, akaenda, akaenda, kipekecho kimelala kifuani mwake kama kifaranga. Akampita Konokono juu ya jani lile lile. "Umerudi mapema," akasema Konokono, "bila shaka umekata tamaa njiani."

Nyumbani akamkuta Bibi Tatsu ameketi chini, analia. Alikuwa amemfunga Tokuji mkanda kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo, kwa sababu Tokuji alikuwa ameanza kuelea. Alikuwa juu kidogo ya mkeka, anayumba, anatabasamu, kama tiara isiyo na haraka.

"Fanya upesi, mwanangu! Mkanda unalegea!"

Moyo wa Shino ukaenda mbio na mikono yake ikaufuata. Akatia unga, akamimina maji, akachomoa kipekecho kikiwa kikavu vile vile, akapiga. *Ta!* Nywele moja ikavunjika. *Ta!* Nyingine. *Ta!* Nyingine tena. Povu likatoka dogo, lenye macho makubwa kama ya samaki. Akampa Tokuji, akanywa.

Miguu ikashuka, ikagusa mkeka.

"Tokuji," akasema polepole. "Mimi naitwa Tokuji."

Akaishia hapo. Shino akaokota vile vipande vitatu vya nywele, akavishika kiganjani, akaona haya.

Bakuli la pili, akakumbuka kukiogesha. Akakichovya kwenye maji moto, ncha zikalainika zikafunguka. Lakini kifuani alikuwa na hasira, hasira juu ya Ukungu, hasira juu ya ngazi mbovu isiyokuwapo, na hasira ile ikamshukia mkononi. Akagandamiza, akasugua chini ya bakuli kama anayeondoa ukoko. Povu likatoka, lakini si laini, na vumbi la mwanzi likaelea juu yake. Tokuji akanywa. Kifua chake kikafunga, fito za mlango hazikuonekana tena kupitia mwilini mwake. Akageuka.

"Mama! Mbona umezeeka?"

"Nimezeeka kwa ajili yako, mjinga wewe!" akasema Bibi Tatsu, akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia, akamlowesha kwa machozi.

Tokuji akamtazama Shino kwa adabu. "Na huyu mgeni, Mama, amekula?"

Shino akatoka, akaenda jikoni, akasimama peke yake.

Jioni ilikuwa inaingia. Akakisuuza kipekecho kwa maji safi, mkono unamuuma. Hapo, nyuma ya ukuta wa karatasi, akasikia sauti nyororo:

*Njoo polepole, njoo taratibu…*

"Kimechoka, maskini," sauti ikasema. "Kimevunjika nywele. Kifunike, kilale. Kasha lipo karibu na mkono wako. Nawe pia umechoka. Nani atakulaumu?"

Na kweli kasha lilikuwa karibu na mkono wake. Shino akalifungua. Akakilaza kipekecho ndani, maji bado yanadondoka, akashika kifuniko. Kope zake zilikuwa nzito kama kope za sanamu. Kifuniko kikashuka nusu.

Ndipo kipekecho, ambacho hakikuwahi kusema neno, kikasema kwa sauti ndogo kama unyasi unaokatika:

"Shino, humu hakuna upepo."

Shino akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akakitoa mbio mbio. Akakikung'uta, akakivika juu ya shingo ya kibuyu kidogo ili nywele zake zisinyooke wala zisijikunje ovyo, akakiweka dirishani, peupe, penye upepo. Nje ya ukuta kitu kikapumua kwa huzuni, kikaondoka.

Asubuhi kipekecho kilikuwa kikavu, kimepata umbo lake, kinanukia shamba.

Bakuli la tatu, Shino hakuharakisha wala hakukasirika. Akakiogesha kwa maji moto, akangoja. Akalipasha bakuli, akalikausha. Akatia unga, akaupondaponda kwa kijiko usifanye madonge, akamimina maji yaliyopoa kidogo. Kisha akaanza. Mbele na nyuma, mbele na nyuma, nywele zinaruka, hazigusi chini. *Sha-sha-sha. Sha-sha-sha. Sha-sha-sha.* Ilikuwa sauti ya mpunga wa kwao upepo unapoupitia, na Shino akajisahau, akamsahau Ukungu, mkono ukawa unakwenda peke yake. Povu likapanda, laini, la kijani, bila jicho hata moja. Akakizungusha mara moja taratibu katikati, akakiinua.

Tokuji akapokea. Akanywa.

Mianzi nje ikatulia.

Tokuji akalitua bakuli, akaushika mkono wa mkewe, akauinua usawa wa macho, akaukunjia uso.

"Shino," akasema, "umepata wapi manyoya ya nyani?"

Shino akacheka mpaka akaanguka, na alipoanguka ndipo alipolia.

Hadithi ingekuwa fupi ingeishia hapo, na nyinyi mngekwenda kulala. Lakini Ukungu alikuwa amekwisha kuzoea kula, na aliyezoea kula haachi tonge mdomoni mwa mwenzake.

Siku ile ile, adhuhuri, mlima ukatoweka. Kisha mianzi ikatoweka. Kisha njia ikatoweka. Kirioka nzima ikasikika ikifunga milango, *pa! pa! pa!* Na nje ya nyumba ya Shino zikaja sauti.

Ikaja sauti ya baba yake Tokuji: "Mwanangu, ngazi."

Ikaja sauti ya mama yake Shino, kutoka nchi ya tambarare: "Binti yangu, mpunga umeiva, na mimi niko peke yangu."

Ya tatu ilikuwa sauti ya Shino mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomtisha: "Shino, mimi ni wewe. Njoo tupumzike."

"Funga!" akalia Bibi Tatsu. "Ziba hata tundu la panya!"

Shino akakwenda mlangoni. Akaweka mkono. Akasimama hapo, anafikiri.

"Mama," akasema, "lile kasha tulilifunga. Je, hakuingia?"

Bibi Tatsu akaligeukia lile kasha. Shino akaendelea:

"Tunajifungia sisi na maji yetu na hofu yetu, ndani hakuna upepo, halafu tunashangaa anatuotea. Tokuji, nisaidie."

Wakasukuma kando mlango wa mbele, wakasukuma mlango wa nyuma, wakasukuma kuta zote za karatasi za kulia na za kushoto, mpaka nyumba ikabaki nguzo na paa. Upepo ukaingia huku ukatokea kule.

Ukungu akafika, akasimama. Hakuwa amewahi kuona nyumba iliyo wazi. Hakujua inaingiwa vipi. Akajikusanya, akajikusanya, mpaka akawa kama mtu mrefu wa kijivu, hana miguu, mikono yake inadondoka maji. Na kwa mara ya kwanza tangu mlima uumbwe, akasema:

"Hodi?"

"Karibu," akasema Shino. "Karibu, keti."

"Nimemfuata mtu wangu."

"Habari za mtu wako utazisema baada ya chai. Kwetu mgeni hapewi maneno makavu."

Ukungu akaketi, baridi yake ikatambaa mpaka kwenye vidole vya Shino. Shino akakichukua kipekecho dirishani. Akakiogesha. Akangoja. Bibi Tatsu alikuwa pembeni, anaomba wote wanaoombwa. *Sha-sha-sha. Sha-sha-sha. Sha-sha-sha.* Shino akamkabidhi Ukungu bakuli kwa mikono miwili.

Ukungu akalitazama povu kwa muda mrefu. "Linafanana na mimi," akasema, "lakini lenyewe lina joto."

Akanywa.

"Hakuna aliyewahi kunipa kitu," akasema taratibu. "Popote ninapokwenda ninapewa mlango uliofungwa. Nikadhani huo ndio…" Kitu kilikuwa kinamjia usoni, ingawa hakuwa na uso. "Ngoja. Ngoja kidogo. Nilikuwa nakwenda mahali."

"Wapi?" akauliza Shino.

"Chini. Mashambani. Kulikuwa na watu wananingoja. Nilipofika mlimani nikasikia usingizi, nikasema niketi kidogo. Kidogo tu…" Akasimama ghafla, bakuli likamtoka, Tokuji akalidaka. "Mimi ni mvua! Mimi si ukungu, mimi ni mvua! Nimechelewa!"

Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Na alipovuka ukingo wa paa, akaanguka, akaanguka wote, kwa sauti kubwa, juu ya mianzi, juu ya mawe, juu ya mapaa ya Kirioka, akateremka mlima kwa vijito akielekea nchi ya tambarare, ambako mpunga ulikuwa na kiu ya zamani. Watu wakafungua milango, wakatoa mikono nje, wakaona maji.

Mvua ilipokatika, mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, kijani, unameremeta. Na kwenye njia ya mlimani walikuwa wanashuka watu. Wanaume, wanawake, vijana na wazee, wote walioitika wimbo katika miaka ile yote, wamelowa chapachapa, macho yamelegea, wanashikana mikono wasipotezane. Wakafuata moshi wa jiko, wakajaa uani kwa Shino, wakasimama kama watu walioamshwa katikati ya ndoto na hawajui kitanda ni cha nani.

Mzee mmoja akatangulia mbele, maji yanamtoka ndevuni. "Binti," akauliza, "samahani, mimi ni nani?"

Shino akawatazama. Walikuwa wengi mno, na mkono wake ulikuwa unamuuma mpaka begani. Bibi Tatsu alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa kiunoni, anapanga kila bakuli lililokuwamo nyumbani. Tokuji alikuwa anapuliza moto. Shino akakichovya kipekecho kwenye maji moto, na ingawa ua mzima ulikuwa unamngoja, naye akangoja mpaka ncha zilainike.

"Keti kwanza, babu," akasema. "Chai inakuja."

Nami hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu chini. Kama ilikuwa tamu, gawaneni. Kama ilikuwa chungu, ipigeni povu.